Maktaba Isiyo na Mwenyewe

Chumba alichokuwa akilala Kakule pale Bwaise, mjini Kampala, kilipangwa kwa jina la dada yake. Mita ya umeme ilikuwa ya mwenye nyumba. Baiskeli aliyopanda ilikuwa ya kanisa. Hata kitanda, ukikigeuza, ungekuta kimeandikwa kwa rangi upande wa chini jina la mkimbizi mwingine aliyekwisha kupata bahati ya kupelekwa Kanada. Wala hakuwa akilalamika. Mtu akikimbia kwao huzoea kuishi ndani ya majina ya wengine kama anavyozoea koti la msaada: linabana mabegani, lakini linazuia baridi. Ila kulikuwa na kitu kimoja duniani, kimoja tu, kilichoandikwa jina lake kamili, Kakule Ephraïm, na hakuna aliyemwazima. Kitu hicho hakishikiki mkononi. Nitakieleza polepole, na anayekijua tayari anivumilie.

Kakule alisoma hesabu kwao Kongo, kule Butembo, kwa miaka miwili, kabla bunduki hazijamwondoa. Mwalimu mmoja, siku ya mwisho darasani, alimpa flashi yenye kitabu cha lugha iitwayo Haskell. Hii si lugha ya kusemwa. Ni ya kuandikia programu za kompyuta, na miongoni mwa lugha za namna hiyo yenyewe ni ya watu wachache, wapenda hesabu, wagumu wa kushawishika. Ina tabia moja ya ajabu: ni mvivu kwa makusudi. Ukiiambia ijumlishe, haijumlishi. Inaandika kikaratasi, "nitajumlisha nikiulizwa," inakiweka kando, inaendelea na mengine. Ukija kuuliza jibu ndipo inaamka. Kakule aliipenda kwa hilo. Alisema ndiyo lugha pekee aliyoijua isiyohangaika kabla ya wakati.

Sasa, waandishi wa programu hawaanzi kila kitu upya. Mmoja akishatengeneza kitu kizuri, hukifunga vizuri, hukiweka mahali pa wazi kwenye intaneti, na wengine hukichukua wakakitumia bure. Kifurushi cha namna hiyo wanakiita maktaba, ingawa hakina rafu wala vumbi. Wenye Haskell wana ghala lao kubwa la maktaba hizo, na zote ni huria: yeyote asome, atumie, asahihishe. Na kila maktaba ina mtunzaji wake. Jina la mtunzaji huwekwa juu, mahali pa kuonekana.

Maktaba ya Kakule iliitwa majina-karibu. Aliianza miaka sita iliyopita, akiwa bado Namuwongo kandokando ya reli, baada ya kumwona dada yake Perpétue akizungushwa mwaka mzima kwenye foleni za wakimbizi. Orodha moja ilimwandika hivi, nyingine vile, na kila dirisha lilimwambia yule mwingine si yeye. Basi Kakule akakaa na laptopu ya mtumba yenye kioo kilichopasuka, akaandika programu inayochukua majina mawili na kusema: hawa huenda ni mtu mmoja, au hapana, hawa ni wawili. Akaiweka ghalani. Hakutarajia lolote.

Mwaka wa pili watu wakaanza kumwandikia. Kikundi cha kutafuta ndugu waliopoteana kwenye mafuriko, huko mbali, walikuwa wakiitumia. Wanafunzi wa Brazili. Hospitali moja yenye wagonjwa wa mataifa kumi na saba. "Ndugu Kakule, tunakushukuru." Alimsomea Perpétue barua hizo akizitafsiri, naye Perpétue, akiwa kwenye cherehani yake, alimsikiliza huku sindano zikiwa mdomoni.

"Banakulipa?" aliuliza.

"Hapana, yaya." Ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa. "Hii kazi haina malipo."

"Banakuyua?"

"Banajua jina yangu."

"Jina haipikwe, Kakule." Akatoa sindano mdomoni ili acheke vizuri. "Lakini soma tena ile ya hospitali."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mchana Kakule alichapa barua na maombi ya kazi za watu kwenye kibanda cha Bonny, pale Bombo Road, akipiga na fotokopi. Zikibaki saa mbili za jua, anaitunza maktaba yake.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha tangu asubuhi, na mtaro wa Nsooba ukarudisha maji kwa watu, kama unavyofanya kila mwaka. Kakule alikuwa kazini. Laptopu alikuwa ameiweka juu ya kiti, na kiti juu ya meza, akijua maji hayafiki. Maji hayakufika. Yaliibeba meza. Aliporudi aliikuta meza imelala ubavu mlangoni na laptopu chini ya tope, imefunguka kama kitabu. Ndani yake ndimo mlimokuwa ufunguo wake, yaani ile namba ndefu ya siri ambayo mwandishi wa programu huitia kwenye kazi yake ili watu wajue ni yeye. Fundi wa pale stendi aliinusa, akatikisa kichwa, akasema amwachie achukue skrubu.

Wiki tatu zikapita kwa kukausha magodoro na kuchota matope. Kakule hakufungua maktaba yake hata mara moja. Mchana mmoja wateja walipopungua, Bonny akamwachia kompyuta ya kibanda akaenda kula. Kakule akaingia kutazama.

Akakuta malalamiko. Mtu aliyekuwa na orodha ya majina milioni nne alisema programu inavimba, inakula kumbukumbu yote ya kompyuta, kisha inakufa. Kakule akasoma mara moja akacheka peke yake. Alijua palepale. Ni ule uvivu wa Haskell: mahali pamoja, badala ya kujumlisha, ilikuwa ikirundika vikaratasi vyake vya "nitajumlisha nikiulizwa," vikaratasi milioni nne, mpaka chumba kikajaa. Dawa yake ni kuilazimisha ihesabu mara hiyohiyo, na amri ya kuilazimisha, katika Haskell, ni alama moja ya mshangao mbele ya jina. Alama moja! Mstari wa mia mbili na kumi na mbili. Angeweza kuurekebisha kabla Bonny hajamaliza kachumbari.

Akateremka chini kidogo. Hapo kicheko kikakatika.

"Mtunzaji yuko hai?" mmoja ameuliza. "Wiki mbili hajibu." Mwingine: "Nimemwandikia mara tatu." Halafu tangazo, limeandikwa kwa adabu na mtu ambaye Kakule hakuwahi kusikia jina lake: kwa kuwa maktaba hii inaonekana haina mwenyewe, naomba kuichukua na kuitunza, mtunzaji asipojibu kufikia tarehe ishirini na nane, nitawaomba wasimamizi wa ghala wanikabidhi.

Hiyo ni desturi ya wenye ghala, tena ni desturi nzuri. Maktaba hazipaswi kufa na watu wake. Anayetaka kuchukua hutangaza hadharani, anasubiri, na mwenyewe akisema neno moja tu, "nipo," mambo yanaishia hapo. Kakule akatazama kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya kuku. Ilikuwa tarehe kumi na tisa.

Akaandika jina lake na neno lake la siri ili aseme nipo. Ghala likamwambia: hatukijui hiki chombo unachotumia, tumekutumia uthibitisho kwenye barua pepe. Akaenda kwenye barua pepe. Nayo ikamwambia: hatukijui hiki chombo, tumekutumia namba ya siri kwenye simu inayoishia na 41.

Kakule akaondoa mikono kwenye kibodi.

Ile 41 ilikuwa laini yake ya kwanza Kampala. Alipofika hakuwa na kadi ya ukimbizi, na pasipo kitambulisho hupati laini. Mlango wa pili kutoka kwao, kule Namuwongo, aliishi polisi mmoja Mwacholi, Oyet, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, ambaye aliwasajilia laini Wakongo saba wa safu ile kwa kitambulisho chake na alama ya kidole chake mwenyewe. Hakutaka hata soda. Baadaye Kakule alipata kadi akanunua laini yake halali, ile ya zamani akaifunga kwenye karatasi. Barua pepe yake ilikuwa imefunguka siku zote kwenye laptopu, haikuwahi kumwuliza kitu, naye hakuwahi kukumbuka kuibadilishia namba. Ni kosa la kawaida sana. Wakongo wote wa Bwaise wana laini za namna hiyo mahali fulani, ndani ya Biblia au chini ya godoro.

Jioni aliitafuta akaipata, akaitia kwenye simu. Simu ikaandika: hakuna huduma.

Kwanza alijaribu njia iliyonyooka. Akafungua barua pepe mpya, akamwandikia msimamizi wa ghala, mwanamke wa huko Ulaya anayefanya kazi hiyo kwa kujitolea. Akaeleza yote: mafuriko, laptopu, laini. Jibu lilikuja kesho yake, na halikuwa baya.

"Naamini huenda unasema kweli," aliandika. "Lakini miaka hii wapo wanaojifanya wenye maktaba ili watie sumu ndani, na wewe ni wa pili mwaka huu kuniandikia kwa anwani mpya. Nitumie mstari mmoja tu kutoka anwani yako ya zamani, au uliotiwa ufunguo wako. Mstari mmoja unatosha."

Akampelekea picha ya kadi yake ya ukimbizi. Akajibiwa kwamba picha hutengenezwa, na kwamba kadi inaonyesha yupo mtu aitwaye Kakule, haionyeshi kwamba ndiye anayeandika. Akapeleka maelezo marefu: kwa nini mstari fulani uko hivi, kwa nini aliacha njia ile akashika hii, mambo ambayo hakuna anayeyajua ila aliyeyaandika. Msimamizi akajibu kwa upole uleule. "Haya yote yako wazi kwa yeyote anayesoma kazi hii kwa makini. Ndiyo uzuri wa kazi yetu." Na ilikuwa kweli. Miaka sita Kakule alikuwa amefungua kila kitu chake mbele ya watu, hakuficha hata koma, na sasa hakubaki na siri hata moja ya kumtambulisha.

"Nenda kwa Oyet," Perpétue akamwambia. "Ule mutu ana roho. Atie kidole, upate laini, basi."

Oyet alikuwa amehamia kambi ya polisi, upande wa Nsambya. Kakule alimkuta amekaa nje ya chumba chake kwenye ndoo iliyogeuzwa, anapiga pasi sare juu ya meza, na mkewe Atoo anachambua ufuta.

"Mukongo!" Oyet akasema. "Wewe bado unaishi? Mimi nilifikiri maji ya mvua imekubeba."

"Ilijaribu, afande. Ilichukua meza ikaniacha."

"Ilikuona huna nyama." Atoo akacheka, akamsogezea kigoda. Wakaulizana watoto, wakaulizana Namuwongo, nani amehama, nani amekufa. Kisha Kakule akalitaja lile la laini, na pasi ikasimama juu ya shati.

Oyet akaiondoa kabla haijaunguza.

"Mimi nasema wewe ukweli, ndugu yangu. Zile laini saba, moja yake mtu alikuwa anaibia watu. Anapiga simu, anasema yeye ni wa benki. Mimi niko kazini, nasikia naitwa ofisi. Mkubwa anauliza: Oyet, hii namba ni ya nani? Inasoma jina yangu. Kidole yangu." Akaonyesha kidole chenyewe, kama kwamba ndicho kilichokosa. "Miezi mitatu nimekaa bila kazi. Atoo alikuwa anauza ufuta hii tunakula. Wakanirudisha, wakasema kata yote. Nikakata yote."

"Yote saba?"

"Nilikuja kwenu kusema. Nikaambiwa mmehama, hakuna anayejua wapi."

"Tulihamia Bwaise."

"Sasa ndiyo najua."

Kakule akauliza kama inaweza kurudishwa. Oyet akasema laini iliyokatwa mwaka mzima hupewa mtu mwingine, na hata kama ingekuwa bado ipo, asingetia kidole tena, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Alisema hivyo akitazama shati. Atoo akamfungia Kakule ufuta kwenye gazeti, na Kakule akaupokea kwa mikono miwili, kwa sababu hakuwa na jambo jingine la kufanya nayo.

Ilikuwa tarehe ishirini na tatu. Kama namba imepewa mtu mwingine, basi yupo mtu. Kesho yake Kakule, akiwa nje ya kibanda cha Bonny, aliipigia namba yake mwenyewe.

"Hallo? Nani huyo?" Sauti ya mwanamke mtu mzima, na nyuma yake kelele za watu wakiita bei.

"Shikamoo mama. Mimi naitwa Kakule. Hiyo namba unayotumia zamani ilikuwa yangu."

"Sasa ni yangu."

"Ndiyo mama, ni yako. Mimi naomba kitu kidogo. Kuna ujumbe utaingia kwako, wenye namba sita. Unisomee tu hizo namba sita."

Yule mama akacheka, kicheko kirefu cha kumwita jirani naye aje asikie. "Eeeh! Wamenipata leo! Kijana, hata salamu yako ni tamu. Kila siku redio inasema mtu akikuomba namba sita ni nani? Ni mufere!" Mjini Kampala mufere ni tapeli, na hakuna mtoto asiyelijua neno hilo.

"Mama, mimi si mufere. Mimi ni mkimbizi, laptopu yangu ililiwa na maji..."

"Mufere wa jana alisema mama yake yuko hospitali. Wewe umeleta maji."

Lakini hakukata simu. Labda kwa sababu Kakule hakujitetea tena, alinyamaza tu akihema. Baada ya kitambo yule mama akasema: "Kama wewe ni mtu wa kweli, njoo nikuone uso. Niko soko la Nakasero. Uliza Kaltumi wa tangawizi."

Perpétue alimpigia pasi shati. Alimwambia avae viatu vya kanisani, abebe kadi, asiseme haraka. "Ukisema haraka unafanana na mwizi," alisema. "Mimi ninakuyua, na hata mimi ninakushuku ukisema haraka."

Kaltumi alikuwa Mnubi wa makamo, na tangawizi yake alikuwa ameipanga kwa ukubwa kama familia iliyokaa kupigwa picha. Alimtazama Kakule kuanzia viatuni. Kakule akaamkia, akatoa kadi, akamwonyesha simuni ukurasa wa maktaba yake na jina juu: Kakule Ephraïm. Kaltumi akailinganisha kadi na simu, herufi kwa herufi, akitumia kucha.

"Ni jina moja," alikubali. "Na hiki ni nini? Duka?"

"Ni kazi niliyoifanya, mama. Watu wanaitumia kutafuta ndugu zao. Tarehe ishirini na nane itapewa mtu mwingine, kwa sababu wanadhani sipo."

"Lakini upo."

"Nipo."

"Basi watumie picha ukiwa umesimama."

"Nimetuma. Hawataki picha. Wanataka zile namba sita."

Kaltumi akafikiri, akifuta tangawizi moja kwa khanga. Halafu, jambo ambalo Kakule hakulitarajia hata baada ya njia yote ile, akasema: "Haya. Tuma tuone." Akaweka simu yake juu ya fungu la tangawizi, katikati yao wawili.

Kakule akabonyeza. Simu ikalia. Kaltumi akaichukua, akainyoosha mkono mbali na macho. Maandishi yalikuwa ya Kizungu. Akamwita jirani yake wa meza ya matoke. "Obita! Wewe umesoma. Nisomee hapa, yote, usiruke."

Obita akapangusa mikono. Akasoma polepole, akitafsiri kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya serikali. "Inasema, namba yako ya siri ni..." akanyamaza. "Namba sita hizi hapa. Halafu inasema: usimpe mtu yeyote namba hii. Anayekuomba namba hii anataka kukuibia." Akamrudishia simu. "Ndivyo imeandikwa, mama. Mtu yeyote."

"Mtu yeyote," Kaltumi akarudia.

"Mama, wanaandika hivyo kwa kila mtu," Kakule akasema, na akajisikia anasema haraka. "Ni maneno yao tu. Ujumbe ule ni wangu, umeandikiwa mimi."

"Umekuja kwangu."

"Bafere nao wana kadi," Obita akasema, si kwa ubaya. "Wana na viatu vizuri."

Watu wawili watatu walikuwa wamesimama. Bodaboda mmoja pale njiani akazima pikipiki ili asikie. Namba ile ina uhai wa dakika kumi, na Kakule alizisikia zikipita. Kaltumi alimtazama usoni muda mrefu, kama alivyosema atamtazama, na macho yake hayakuwa na uadui hata kidogo.

"Mwanangu," akasema, "mimi nakuona kama mtu mzuri. Lakini kama ni mwizi, nitakuwa nimekusaidia kuiba, huko kwa watu nisiowajua. Na kama ni mwenyewe, nitakuwa nimekunyima. Kwa hiyo ya pili nitaomba msamaha kwa Mungu. Kwa ile ya kwanza sijui nitasema nini." Akatia simu kifuani.

"Amefanya nini huyo?" mtu akauliza nyuma. "Mufere?" mwingine akadaka, na neno likaanza kutembea meza kwa meza.

"Hakuna kitu! Endeleeni!" Kaltumi akapaza sauti. Halafu kwa sauti ya chini: "Nenda sasa. Tembea, usikimbie."

Kakule alitembea. Katika soko la Kampala anayekimbia ameshahukumiwa. Alitembea mpaka barabarani akiwa na kadi yake mkononi, ameinyoosha mbele kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa.

Alijaribu tena kesho yake kwenye kibanda cha Bonny, na barua pepe ikamwambia amejaribu mara nyingi mno, asubiri siku saba. Perpétue alikwenda Nakasero mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke. Alirudi jua likiwa bado juu, akakaa kwenye cherehani bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Ametupa laini," alisema. "Anasema banamwogopesha, ujumbe unaingia ingia. Alinionyesha kava ya laini mupya." Akageuza gurudumu la cherehani kwa mkono, hakuna nguo ndani yake. "Alinililia, Kakule. Ule mama alilia. Mimi nikamubembeleza."

Basi ikafika ishirini na nane.

Kakule hakuwa na la kufanya siku hiyo isipokuwa kutazama. Wateja walikuja, akachapa maombi ya kazi ya kijana mmoja, akachapa barua ya kuomba kuzika. Saa tisa alasiri akafungua ukurasa. Wasimamizi walikuwa wameandika kwamba muda umetimia, kwamba mtu mmoja alidai ndiye mtunzaji lakini hakuweza kuthibitisha, na kwamba maktaba sasa inakabidhiwa. Juu, mahali pa kuonekana, palikuwa na jina jingine. Mtunzaji mpya alikuwa ameandika maneno mema. Alimshukuru mwandishi wa mwanzo, popote alipo.

Chini yake watu walikuwa wameongeza yao. Mmoja aliandika kwamba kwa jina lake alikuwa mtu wa mashariki ya Kongo, na tunajua mambo yaliyoko huko. Wa hospitali ile akaandika kwamba aliwahi kuwasiliana naye, alikuwa mtu mkarimu sana, daima alijibu. "Apumzike kwa amani," akaandika mwingine, na wengine kumi na moja wakatia alama ya moyo.

"Sebo Kakule," Bonny akamwita kutoka mlangoni, "kuna mteja wa fotokopi. Habali gani, mbona umekuwa hivyo?"

"Wananililia," Kakule alisema.

"Nani?"

"Watu." Akainuka akapiga fotokopi, nakala kumi, pande zote mbili.

Wiki nzima hakugusa. Ila programu ilikuwa bado inavimba na kufa, na ile hospitali bado ilikuwa na wagonjwa wake, na Kakule alijua dawa. Hilo ndilo lililomtesa kuliko jina. Mwishowe akafungua akaunti mpya. Jina lake lilikuwa limekwisha kuchukuliwa, na yeye mwenyewe, kwa hiyo ghala likampa namba mbele yake. Akaenda mstari wa mia mbili na kumi na mbili, akatia alama moja ya mshangao, akaandika sentensi mbili za kueleza, akatuma kama atumavyo mgeni yeyote.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Mtunzaji mpya alikuwa mtu mwangalifu. Kakule mwenyewe asingemchagua mwingine.

"Asante kwa mchango wako wa kwanza, na karibu," aliandika. "Kabla sijaupokea, ningependa nijue kwamba unaelewa mahali unapopagusa. Mwandishi wa awali aliacha maelezo mazuri sana ya jinsi sehemu hii ilivyokusudiwa kufanya kazi. Tafadhali yasome kwanza, hasa sura ya tatu, halafu uniambie."

Kakule akaifungua sura ya tatu. Ilikuwa ndefu. Aliisoma yote, tangu juu mpaka chini, bila kuruka, kwa kuwa aliambiwa aisome. Kisha akarudi akaandika neno moja: "Nimesoma."